Fedha ya Madhabahu kwa Kipimo cha Wakfu

Mkokoni ni kijiji cha Wabajuni, bara, mkabala na kisiwa cha Kiwayu, na watu wake ni Waislamu. Hata hivyo, naona swali la kurudisha vyombo vya fedha vya Kanisa vilivyochukuliwa enzi za ukoloni linajibika vyema zaidi pale kuliko London, kwa kuwa pale wakfu unajulikana. Kitu kikishawekwa wakfu msikitini hakiuzwi, hakirithiwi, wala hakitolewi zawadi. Hata imamu hana uwezo huo.

Tukipeleke kipimo hicho Uhabeshi. Aprili 1868 jeshi la Waingereza chini ya Robert Napier liliiteka ngome ya Maqdala, Mfalme Tewodros akajiua, na askari wakalipora kanisa la Medhane Alem. Misalaba, vikombe vya ibada, mataji na vitabu vilibebwa na ndovu 15 na nyumbu karibu 200, kisha vikanadiwa kwenye uwanda wa Dalanta. Miongoni mwa wanunuzi alikuwamo Richard Holmes wa British Museum. Mafundi wa Kihabeshi walizoea kuyeyusha riale za Maria Theresa, sarafu iliyofika hadi pwani yetu, ili kufulia vyombo kama hivi, kwa hiyo fedha yenyewe ilikuwa na bei. Lakini chombo kilichobarikiwa kwa ajili ya madhabahu, kasisi wake mwenyewe hana ruhusa ya kukiuza sokoni. Askari alikinadi kwa haki gani?

Hujibiwa kwamba makumbusho huhifadhi na huonyesha. Kuhifadhi, nakubali. Kuonyesha, hapana: British Museum ina tabot 11 za Uhabeshi, mbao na mawe matakatifu yasiyopaswa kuonwa na mtu ila makasisi, na zimefungiwa mahali ambapo hakuna anayezitazama wala kusali mbele yake. Makumbusho ya Victoria and Albert yalipendekeza mwaka 2018 kuiazimisha Uhabeshi vitu vya Maqdala kwa muda mrefu. Mtu huazimwaje kilicho chake? Katika miaka ya 1920 taji moja la Tewodros, la fedha iliyopakwa dhahabu, lilirudishwa kwa Malkia Zewditu wa Uhabeshi. La dhahabu likabaki London. Sheria ya Uingereza ya 1983 inayazuia makumbusho ya Victoria and Albert kuvitoa vitu vyake, lakini bunge lililoitunga laweza kuibadili.

Pingamizi lililo zito ni jingine: arudishiwe nani, serikali au Kanisa? Nasema Kanisa, hata kama chombo kitachakaa kwa kutumika. Kikombe cha ibada kilifuliwa ili kishikwe.

Jambo hili lina mlango kwetu pia. Wareno walipita maji haya na mapadri wao. Mwaka 1587 waliuteketeza mji wa Faza na kukata minazi yake. Jahazi lao Santo António de Tanná lilizama Mombasa mwaka 1697, na vilivyoopolewa vimo Fort Jesus. Mvuvi wa kamba wa Mkokoni akiibuka leo na msalaba wa fedha, Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inamtaka atoe taarifa, na kitu hicho ni mali ya serikali. Ningeiongezea kifungu kimoja: kabla chombo cha ibada hakijaingizwa kabatini, wenye imani hiyo waitwe waulizwe kinavyopaswa kushikwa, na kijiji kilichokiokota kiwe na kiti katika kikao hicho.