Pete Tatu Hazifanyi Nasaba

Niseme mapema ili mwenye kukasirika akasirike mapema: Chicago Bulls ya Michael Jordan ndiyo timu kali zaidi niliyowahi kutazama, hata kama ni kwa video za YouTube. Lakini haikuwa nasaba.

Mabishano haya hayaishi. Kila tukikaa base, lazima mtu aulize ni timu gani za NBA zilikuwa dynasty kweli, na jibu la haraka huwa lile lile: leta mataji matatu mfululizo, tukuandike. Kwa kipimo hicho Bulls inaingia mara mbili, 1991 hadi 1993 na 1996 hadi 1998. Lakers ya Shaquille O'Neal na Kobe Bryant inaingia, 2000 hadi 2002. San Antonio Spurs inaachwa nje ya geti, maana haikuwahi kutetea taji lake hata mara moja.

Shida ni kwamba kipimo hicho kinamfukuza hata Magic Johnson. Lakers ya miaka ya 80 ilicheza fainali 8 katika miaka 10, ikabeba mataji 5: 1980, 1982, 1985, 1987 na 1988. Matatu mfululizo? Hakuna. Kwani hao walikuwa wapita njia? Rula inayomkosa Magic, itupe.

Turudi kwa neno lenyewe. Sisi Wakenya neno dynasty tunalijua vizuri. Kampeni za 2022 zililigeuza tusi: mahasla upande huu, familia kubwa upande ule. Hakuna aliyeitwa dynasty ati kwa sababu ameshinda uchaguzi mara tatu. Watu waliitwa hivyo kwa sababu ya nani aliwatangulia na nani angewafuata. Kwa Kiswahili ni nasaba, yaani ukoo, mnyororo wa kurithishana. Mfalme anaweza kutawala miaka 40, lakini akifa na kiti kikafa naye, huo ulikuwa utawala wake tu. Nasaba inaanza pale kiti kinapopata mtu wa pili.

Sasa tazama Spurs kwa jicho hilo. David Robinson alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1995. Miaka miwili baadaye timu ikamchukua kijana aitwaye Tim Duncan, mrefu kama yeye, wa kucheza karibu na kikapu kama yeye. Robinson angeweza kuleta siasa. Alisogea. Mwaka 1999 wakabeba taji la kwanza, na tuzo ya mchezaji bora wa fainali ikaenda kwa Duncan. Wakabeba tena 2003, Robinson akastaafu na pete zake mbili. Duncan naye akafanyiwa vile vile alivyofanya: 2007 tuzo hiyo ilienda kwa Tony Parker, na 2014, Duncan akiwa na miaka 38, ikaenda kwa Kawhi Leonard mwenye miaka 22. Mataji 5 kati ya 1999 na 2014, kocha mmoja, Gregg Popovich, na kiti kinapita mkono kwa mkono. Ndiyo, Leonard aliondoka 2018 kwa ugomvi. Nasaba pia hufa. Hii ilizaa kwanza.

Boston Celtics nayo inaingia, ila si kwa sababu mnayoitoa. Nyinyi mnasema mataji 11 katika misimu 13, 1957 hadi 1969. Wapinzani wenu wanajibu kwamba ligi ilikuwa na timu 8 tu walipoanza kushinda. Wote mnahesabu. Mimi naangalia hivi: Bob Cousy aliondoka 1963, wakashinda 1964. Red Auerbach aliacha ukocha 1966 akampa Bill Russell, ambaye bado alikuwa anacheza, na ambaye akawa kocha mkuu wa kwanza Mweusi katika NBA. Wakapoteza 1967, wakarudi kubeba 1968 na 1969. Russell akaenda zake, na John Havlicek, aliyewakuta huko tangu 1962, akaongoza kubeba tena 1974, kisha 1976.

Hata Lakers ile ya Magic ni hivyo hivyo. Kareem Abdul-Jabbar ndiye alikuwa mwenye kiti. Alipoumia kwenye fainali za 1980, Magic wa miaka 20 alipiga pointi 42 katika mechi ya kumaliza kazi. Mchezaji bora wa fainali 1985 ni Kareem, 1987 ni Magic, 1988 ni James Worthy. Watu watatu, nyumba moja.

Haya, Bulls. Najua mtaniambia Jordan alipostaafu Oktoba 1993, Scottie Pippen aliongoza timu ikashinda mechi 55. Nakubali, na hapo ndipo panaponiuma. Mrithi alikuwepo! Lakini Jordan aliporudi 1995 kiti kilirudi kwa mwenyewe, na baada ya taji la 1998 nyumba nzima ikabomolewa. Jordan akastaafu, kocha Phil Jackson akaondoka, Pippen akapelekwa Houston. Msimu uliofuata ulikuwa wa mechi 50, na Bulls ilishinda 13. Kumi na tatu, wasee. Tangu hapo haijaonja fainali.

Golden State Warriors ndio hunifanya nigombane hata na nafsi yangu. Mataji 4 kati ya 2015 na 2022, fainali 5 mfululizo, kisha wakaanguka hadi ushindi wa mechi 15 msimu wa 2019-20, kisha wakainuka wakabeba 2022. Moyo huo nausalimia. Lakini walioinuka ni wale wale, Stephen Curry, Klay Thompson na Draymond Green. James Wiseman, waliyemchagua wa 2 mwaka 2020 awe kesho yao, alipelekwa Detroit 2023. Siku Curry akistaafu na kiti kipate mtu, nitaandika makala ya kuomba radhi. Kwa sasa naandika: utawala mkubwa.

Mtauliza mbona najali hivi. Ni kwa sababu nilichezea timu iliyopita mtihani wenu.

Timu ya mtaa wetu ilibeba kombe la wodi miaka mitatu mfululizo. Nahodha wetu alikuwa mfungaji, kocha, mweka hazina na mwenye mpira. Mpira ulilala kwake, chini ya kitanda. Alikuwa mkali, sikatai. Sisi wadogo tuliingizwa mechi ikiwa imeshaamuliwa, na ukirusha bila ruhusa, unarudi benchi. Nilikuwa na miaka 17 na kitu pekee nilichojua uwanjani ni kumpa yeye pasi. Akapata kazi Mombasa, akaenda na mpira wake. Msimu huo tulipigwa kila mechi tuliyocheza, mpaka tukaacha kwenda. Ringi ingali pale. Wavu ulishaisha, na mama mmoja amefunga kamba ya nguo kwenye nguzo.

Kwa hesabu yenu sisi tulikuwa dynasty. Tatu, mfululizo. Nenda leo uwaulize vijana wa pale, hakuna anayejua tuliwahi kuwepo.

Kwa hivyo ukija base na jezi yako ya namba 23, karibu, keti. Jordan ni mfalme, hilo sitakunyang'anya. Ila usianze kunihesabia pete. Niambie alimwachia nani.