Mali bila Daftari Hupotea bila Habari



Wengi wetu viwandani na mashambani wanadhani kwamba soko la fedha ni jambo la mabenki na matajiri. Sisi tunasema sivyo. Sehemu kubwa ya fedha zinazozunguka huko ni jasho letu. Kwa sheria ya mwaka 1985 iliyounda Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 10. Tangu mwaka 2022 kila mwajiri anapaswa kuchanga, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Mali ya Mfuko huo imepita shilingi trilioni 20, na sehemu kubwa imekopeshwa kwa serikali za Afrika Mashariki.

Pamoja na hayo, wenzetu wa Makindye, kutoka Katwe na Kibuye mpaka Nsambya na Namuwongo, wamo katika vyama vya akiba na mikopo. Chama kikiwa na fedha ambazo hazijakopeshwa kwa wanachama, hakiziachi zilale. Huziweka benki kwa amana ya muda maalum, au hununua dhamana za muda mfupi za serikali, ambazo Benki Kuu ya Uganda huziuza kwa mnada kwa siku 91, 182 na 364. Hilo ni jambo jema. Lakini kazi haijaisha mpaka karani ameyaandika mapatano hayo katika kompyuta ya chama. Hapo ndipo tunapotaka wanachama watazame.

Tuchukue mfano. Chama kinaweka benki shilingi milioni 100 kwa siku 91, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Karani lazima aandike jina la benki, kiasi, tarehe fedha zilipotoka, tarehe amana itakapoiva, riba, na kama mwaka unahesabiwa kwa siku 365 au 360. Kwa siku 365 riba ni shilingi 2,493,151. Kwa siku 360 ni shilingi 2,527,778. Tofauti ni zaidi ya shilingi 34,000, nayo imetokana na namba moja tu.

Karani akibonyeza 19 pahali pa 10, kompyuta itaonyesha riba ya shilingi 4,736,986. Mkutano mkuu utapiga makofi na kugawana faida ambayo haipo. Akikosea tarehe ya kuiva, fedha zinaweza kukaa benki mwezi mzima bila riba, na chama kitapoteza karibu shilingi 822,000. Akinunua dhamana za serikali na kusahau kodi ya asilimia 20 ambayo kwa kawaida hukatwa katika riba yake, vitabu vitasema fedha nyingi kuliko zilizoingia.

Wako wanaosema kompyuta haikosei. Ni kweli kwamba haichoki kujumlisha, lakini haijui ukweli wa kitu ilichoandikiwa. Hujumlisha uongo kwa haraka ile ile inayojumlishia kweli.

Wala hatari si ya makosa peke yake. Novemba 2024 serikali ilikiri Bungeni kwamba fedha zilikuwa zimetolewa isivyo halali katika hesabu zake zilizoko Benki Kuu. Kiasi kilichotajwa kilikuwa shilingi bilioni 60 hivi. Malipo yaliyokusudiwa kwa Benki ya Dunia na Mfuko wa Maendeleo wa Afrika yalielekezwa kwingine katika nchi za nje. Mwaka 2025 watumishi wa Wizara ya Fedha walifikishwa mahakamani. Hukumu ni kazi ya mahakama, si yetu. Lakini tunauliza: ikiwa malipo ya serikali nzima yanaweza kupotoshwa njiani, je, chama chenye karani mmoja na neno la siri linalojulikana na ofisi nzima kitapona?

Tena jina la benki si jambo la kujaza tu. Wazee wanakumbuka mwaka 1998 na 1999, mabenki yalipofungwa moja baada ya jingine, pamoja na Benki ya Ushirika mwezi Mei 1999. Leo Mfuko wa Kulinda Amana humlipa mweka amana hadi shilingi milioni 10 katika benki iliyoanguka. Mbele ya Mfuko huo chama ni mteja mmoja, hata kiwe na wanachama elfu. Kwa hiyo orodha ya amana lazima ionyeshe wazi ni kiasi gani kiko benki gani.

Hatusemi haya ili karani apigwe vidole. Karani ni mfanyakazi mwenzetu. Mara nyingi hulipwa kidogo, hakupewa mafunzo, na huachiwa kazi ya watu watatu. Fedha zikipotea yeye ndiye wa kwanza kushikwa. Utaratibu mzuri humlinda yeye pia.

Basi tunadai mambo manne. Kwanza, anayeandika mapatano asiwe ndiye anayeyathibitisha, na kila mtu awe na neno lake la siri. Pili, kila mwezi mtu wa tatu alinganishe vitabu na taarifa ya benki pamoja na hati yenyewe ya amana. Chama kidogo kisichoweza kuajiri watatu kiwatumie wajumbe wa halmashauri kwa zamu. Tatu, orodha ya amana na dhamana zote ibandikwe ukutani kila mwezi: benki, kiasi, riba, na tarehe ya kuiva, kwa lugha inayosomwa na wanachama. Nne, makarani wapewe mafunzo kwa gharama ya chama, na mshahara unaolingana na dhamana waliyobeba.

Nasi wanachama tuna wajibu. Tuhudhurie mkutano mkuu na tuulize: fedha zetu ziko wapi, zinaiva lini? Asiyeuliza leo asishangae kesho akikuta sanduku tupu.

Umoja ni nguvu.