Muwasho Kutulia Si Kupona

Makala moja iliyodai kuwa fangasi wa ngozi ni ugonjwa wa wachafu, na kwamba krimu yoyote inayotuliza muwasho inatosha, imepotosha mara mbili.

Kwanza, usafi husaidia, lakini si ngao pekee. Fangasi wa choa hula keratini, protini iliyomo katika tabaka la juu la ngozi, nywele na kucha. Seli za ulinzi zilizomo ngozini huwatambua kwa beta-glukani, sukari za ukuta wao, kisha hupiga mbiu. Seli za T, walinzi wengine wa kinga, huitikia kwa kutoa intalukini 17, protini ya ishara inayoita seli nyeupe nyingine za damu na kuihimiza ngozi kujivua haraka. Ule ukingo mwekundu wenye magamba, unaozunguka duara la choa, ndio uwanja wa mapambano. Wapo watu waliozaliwa na hitilafu katika jeni ya CARD9, inayohusika na ulinzi huo. Kwao fangasi hao hao huweza kupenya hadi ndani ya mwili, waoge wasioge. Je, nao ni wachafu?

Pili, krimu ya steroidi hutuliza muwasho, lakini haiui fangasi, huwanyamazisha walinzi hao wa ngozi. Wekundu hufifia, duara hupoteza umbo, mgonjwa hufurahi, huku fangasi wakienea. Baadaye hata daktari hupata shida kuutambua ugonjwa.

Dawa za kuua fangasi zipo: klotrimazoli na terbinafini za kupaka, ilhali mapunye ya kichwani huhitaji dawa za kumeza, kama griseofulvini. Ndugu msomaji, soma jina la dawa kwenye boksi kabla ya kupaka. Ukikuta betamethasoni au klobetasoli, ambazo ni steroidi, usizipake kwenye choa kwa kubahatisha, muone daktari.