Shabaha Huanzia Miguuni

Mtu asiyezoea bunduki akipewa ailenge shabaha hali amesimama, huanza kuisukuma kwa mikono. Akiona mtutu umekwenda kuume, ataukaza mkono aurudishe kushoto. Ukishuka, atauinua kwa bega. Kisha hushangaa risasi yake imeangukia mbali, na hali aliona kwa jicho lake kwamba amelenga sawasawa. Mtu huyo husema bunduki ni mbovu. Mara nyingi bunduki haina kosa lo lote.

Sababu yake ni hii. Msuli uliolazimishwa kushika kitu huchoka upesi, na ukichoka hutetemeka. Tena wakati ule ule kidole kinapovuta kifyatulio, msuli hulegea kidogo bila mwenyewe kujua, na mtutu hurudi kule mwili ulikotaka kuelekea tangu mwanzo. Aliyewahi kusimamisha nguzo ya boma ataelewa: nguzo hukaa wima kwa sababu ya shimo lake, na anayetaka kuinyosha kwa kuisukuma kwa mkono itamrudia mara akiiachilia.

Basi mlengaji aliyefundishwa vema huupanga mwili wake kwanza. Ikiwa hutumia mkono wa kuume, husimama ubavu, bega la kushoto likielekea shabaha, na miguu ikiachana kadiri ya upana wa mabega. Nyonga ya kushoto husogezwa mbele kidogo, na kiwiko cha kushoto huegemezwa juu ya mfupa wake. Hapo uzito wa bunduki hupita katika kigasha, ukaingia nyongani, ukateremka mguuni hata ardhini, na mifupa ndiyo inayobeba. Jambo hili si dogo. Wazee waliotumikia King's African Rifles walibeba bunduki ya .303 yenye uzito wa kilo 4 hivi, lakini bunduki ya mashindano ya mita 50 kwa wanaume imeruhusiwa kufikia kilo 8. Hakuna mkono utakaoishika hiyo kwa nguvu za msuli tu, risasi baada ya risasi, ukabaki umetulia.

Akiisha kusimama hivyo, hulenga, kisha hufumba macho. Huvuta pumzi na kuitoa, hulegeza mabega, na kuuacha mwili ukae utakavyo wenyewe. Akifumbua macho huona ukweli. Kama mtutu umekwenda kuume mwa shabaha, haugusi kwa mkono. Huusogeza mguu wa nyuma kidogo upande huo huo wa kuume, na mwili wote hugeuka pamoja na bunduki kuelekea kushoto. Ukiwa umekwenda kushoto, mguu husogezwa kushoto. Kwa ufupi, mguu wa nyuma hulifuata kosa. Kama kosa ni la juu au chini, hubadili namna mkono wa kushoto unavyoichukua bunduki, ama kwa ngumi ama kwa kiganja, au hukipandisha na kukishusha kitako begani. Kisha hufumba macho tena. Mwenye haraka huona kazi hii ni ya kuchosha, na kwa kweli inachosha.

Lakini hesabu yake ni kali. Katika mchezo wa mita 50, duara la alama 10 lina upana wa milimita 10.4 tu. Kama kutoka tundu la kulengea lililo karibu na jicho mpaka duara lililo mwishoni mwa mtutu ni sentimita 75, basi hilo la mbele likihama kwa milimita 1, risasi itahama kwa sentimita 6 na nusu na zaidi. Nao mwili ukigeuka kwa nyuzi 1, bunduki itaelekea karibu sentimita 87 kando. Msomaji na aikumbuke hesabu hiyo ya mwisho, kwa maana kando hapo, si mbali sana na kiasi hicho, ndipo iliposimama shabaha ya jirani.

Tarehe 22 Agosti 2004, katika Olimpiki ya Athens, Mmarekani Matthew Emmons alisimama kituo namba 2 akiwa amebakiza risasi moja. Aliongoza kwa pointi 3, na siku mbili kabla yake alikuwa amekwisha kutwaa dhahabu ya kulenga kwa kulala. Hata risasi ya wastani ingalimtosha. Akafyatua, wala alama haikuonekana. Alidhani mtambo umeharibika. Waamuzi walipochunguza, waliona kwamba risasi yake imo katika shabaha ya kituo namba 3. Akapewa sifuri, akaanguka mpaka nafasi ya 8, na Jia Zhanbo wa China akapata dhahabu.

Ni rahisi kumcheka. Lakini mwili wake ulikuwa umepangwa vema na kutulia vema, ila mbele ya shabaha isiyo yake. Na mifupa haina njia ya kutambua namba. Emmons mwenyewe alieleza kwamba desturi yake ilikuwa kuitazama namba iliyo juu ya shabaha, ndipo ashuke kwenye kitovu. Mara ile moja alikuwa akishughulika kujituliza, akaenda moja kwa moja kwenye kitovu.

Miaka 4 baadaye, mjini Beijing, aliongoza tena kwa pointi 3.3 kabla ya risasi ya mwisho. Safari hii shabaha ilikuwa yake, lakini alipokuwa bado anaishusha bunduki kuijia, kidole kiligusa kifyatulio kabla ya wakati. Alama ilikuwa 4.4, naye akatoka wa nne. Dhahabu ikaenda kwa Qiu Jian, Mchina mwingine. Katika Olimpiki hiyo hiyo mkewe, Kateřina Emmons wa Czech, alikuwa amekwisha kupata dhahabu ya bunduki ya hewa ya mita 10, nayo pia hupigwa kwa kusimama.

Emmons hakuiacha bunduki. Mwaka 2012 alikwenda London, akasimama tena katika fainali ile ile. Risasi yake ya mwisho ilipata 7.6, akaondoka na medali ya shaba.