Mvuvi wa Lamu hakutajwa katika Katiba

Wako wadhanio kuwa uvuvi ni kazi ya kutafuta kitoweo tu, na aliyeukosa aweza kutafutiwa kazi nyingine. Wapwani wajua si hivyo. Kusoma nyota, kujua bamvua na maji mafu, kusuka dema, kutambua mwamba kwa alama za nchi kavu, hiyo ni elimu irithiwayo kama chuo. Na riziki yenyewe ina heshima yake: mwenye kuhirimia Hija hukatazwa mawindo ya bara, lakini ya bahari Surat al-Maida imemwachia halali.

Katiba yetu ya 2010 imefanya kinyume. Kifungu cha 63 kimeitambua ardhi ya jadi ya jamii za wawindaji, mathalan Waaweer wa huko huko Lamu, ilhali uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku tangu 1977. Mvuvi, ambaye hakuna aliyemkataza kuvua, hakukumbukwa. Jedwali la Nne lautaja uvuvi, naam, lakini kama kazi ya serikali. Na kifungu cha 62 chasema bahari, hata ufuo ulio kati ya maji kujaa na maji kupwa, ni ardhi ya umma mikononi mwa Serikali ya kitaifa, kwa niaba ya wananchi.

Sina ugomvi na hilo. Bahari haikatwi viwanja. Lakini amana isiyomtaja mwenyewe ni rahisi kusahauliwa. Bandari mpya ya Lamu ilipoanza kujengwa, ikachimbwa njia ya meli na mikoko ikakatwa, wavuvi hawakuwa na kifungu cha kushika mkononi. Mwaka wa 2012 walikwenda kortini, na ilikuwa 2018 ndipo Mahakama Kuu ya Malindi ilipowapa haki, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Walipitia mlango wa utamaduni na wa mazingira safi. Hukumu ilikuwa njema, lakini miaka sita ni mingi kwa mtu alaye alichovua jana.

Wengine hawakungoja korti. Vermont, ambayo leo ni jimbo la Marekani, iliandika uhuru wa kuwinda na kuvua katika katiba yake ya 1777, na Florida ikafuata mwaka wa 2024. Huko wengi huvua kwa kujifurahisha, nao wameandikiwa!

Basi siku Katiba itakapofunguliwa tena, wabunge wetu wa Pwani wasiridhike na maneno "haki ya kuvua" matupu, maana mwenye meli kubwa ya kukokota nyavu naye atayashika. Kiandikwe chombo na kazi: mwenye dau, mwenye mshipi, mwenye dema, na bandari za kushushia samaki walizorithi, na kwamba hakuna mradi utakaowafungia maji kabla hawajaulizwa na kulipwa.