Mwili ni Amana, Hata Uwanjani

Bismillahi Rahmani Rahim. 

Amepokea Abu Daud kwamba Bibi Aisha, Allah amuwie radhi, alishindana mbio na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamshinda. Siku zikapita, Bibi Aisha akanenepa. Waliposhindana tena, Mtume alimshinda, akamwambia kuwa ushindi huu ni badala ya ule. Ukweli wa mwili umetajwa, wala hapana kejeli ndani yake.

Wazazi walioko Kisii na Nyamira wakizingatie kisa hiki. Timu ya Shabana, iliyoasisiwa mwaka 1980, ilirejea ligi kuu ya Kenya mwaka 2023 baada ya miaka 17, na kila kijana mwenye mpira miguuni huitamani nafasi hiyo. Lakini kijana huyo akiambiwa yu mzito, upesi huacha kula. Hapo ndipo penye madhara.

Mizani haisemi ukweli wote. Wachezaji wawili waweza kuwa na kilo 70 kila mmoja, mmoja akawa mwepesi na mwenziwe akalemewa. Misuli ndiyo isukumayo mwili. Mafuta ya ziada hubebwa tu. Na mchezaji wa mpira hakimbii njia moja iliyonyooka: huchomoka ghafla, husimama, hugeuka. Kila ageukapo, miguu yake hulazimika kuuzuia mwili mzima kisha kuusukuma upya. Mzigo usio na kazi humchelewesha hapo.

Hata hivyo, mafuta kiasi ni sehemu ya afya, na beki wa kati huhitaji kifua cha kustahimili msukumano kuliko winga. Basi maumbile yote hayapimwi kwa kipimo kimoja.

Anayejinyima chakula hapotezi mafuta peke yake. Mwili huila na misuli yake. Kilo hupungua, na kasi hupungua pamoja nazo. Msichana aweza kukatikiwa na hedhi, na mifupa yake ikadhoofika akiwa bado mbichi. Huo si wepesi, ni udhaifu.

Mtume ametufundisha kuligawa tumbo theluthi tatu: chakula, maji na pumzi. Theluthi ya chakula haikufutwa. Bara kuna ugali wa wimbi, maharage, maziwa na chinsaga, mboga ambayo kwa Kiswahili ni mgagani. Pwani tuna samaki na kunde. Kinachofaa kupunguzwa ni soda na vya kukaangwa. Kisha kijana apande vilima vya kwao mbio, afanye mazoezi ya kugeuka, alale mapema.

Mzazi na kocha, msimwite mtoto bonge mbele ya wenziwe. Mpimeni kwa kasi yake ya mwezi uliopita, si kwa mwili wa jirani. Mwili ni amana, nasi tutaulizwa juu yake.

Wabillahi tawfiq.