Marupurupu ya Rais Mstaafu Yasiwe Fimbo ya Siasa

Hebu tuulizane kitu kimoja. Rais akishastaafu, tunamlipia nini hasa?

Sheria ya mwaka 2003 iko wazi. Rais mstaafu hulipwa kila mwezi asilimia 80 ya mshahara wa rais aliye mamlakani. Juu yake kuna magari yanayobadilishwa kila baada ya miaka minne, ofisi, wafanyakazi, walinzi na matibabu. Yote ni pesa yako, hata wewe unayenunua unga wa kupimiwa. Lakini tulikubali kulipa, maana Afrika tumewaona wangapi waking'ang'ania kiti kwa kuogopa maisha ya baadaye? Moi alitoka Desemba 2002, sheria ikaja mwaka uliofuata.

Sheria hiyo hiyo inasema miezi sita baada ya kutoka Ikulu, asishike tena wadhifa katika chama cha siasa. Uhuru Kenyatta aliondoka Septemba 2022. Piga hesabu mwenyewe: mwisho ulikuwa Machi 2023. Na bado akabaki kiongozi wa Jubilee. Kwa maoni yetu hapo hakuna mjadala, achague. Kusema anachofikiri na kumuunga mkono amtakaye ni haki yake kama raia yeyote. Cheo cha chama ni jambo lingine.

Sasa geuza upande wa pili. Hawa wabunge wanaopiga kelele kwamba anyimwe marupurupu, mbona husikika siku akiwakosoa tu? Akinyamaza wiki mbili, nao kimya. Mwaka 2024 ofisi yake ililalamika kwamba pesa hazitolewi, serikali ikakana, sisi tukabaki kutazama sinema. Jiulize: angekuwa upande wao 2022, kuna mtu angeikumbuka sheria hii?

Katiba, Kifungu cha 151(3), inakataza mafao ya rais mstaafu kupunguzwa akiwa hai. Kwa hivyo mbunge hawezi kuamka asubuhi akayafuta jukwaani. Anayeamini sheria imevunjwa apeleke kesi mahakamani, na Hazina ya Taifa nayo ituchapishie imelipa shilingi ngapi na kwa kazi gani.

Wakati wakubwa wanavutana hivi, kuna walimu waliostaafu baada ya 1997 ambao wamezunguka makotini miaka na miaka wakidai nyongeza ya pensheni yao. Wengine wamekufa wakingoja. Hao huwasikii wakitajwa mikutanoni.